Napenda muziki wa mifupa inayocheza. Je, moyo wangu una kasoro?

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 26 na huu ni mwaka wa nne napiga fidla. Kuna kipande kimoja kimeniteka: Danse macabre cha mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns, kile ambacho Mauti anapiga fidla makaburini usiku wa manane na mifupa inaamka kucheza. Nakisikiliza karibu kila usiku kabla ya kulala, kwa hedifoni, taa zimezimwa. Na mahali ni palepale: fidla ikianza tu, vinyweleo vinanisimama, ingawa nimeshakisikia mara zisizohesabika.

Mchumba wangu hapendezwi. Anasema mtu anayependa nyimbo za wafu ana jambo amelificha moyoni, na kwamba muziki huu unaita visivyoitwa. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikasoma kwamba ile sauti ya kwanza ya fidla iliitwa "shetani katika muziki", kanisa likaipiga marufuku na waliokaidi wakaadhibiwa. Hapo nikaanza kujiuliza. Mimi si mtu wa huzuni. Nacheka, nakula, nafanya kazi zangu. Lakini nyimbo za furaha hazinigusi hata robo ya hiki.

Naomba unisaidie: kukipenda hivi kunafichua nini kunihusu? Mchumba nimwambie nini? Na jambo la tatu, kikundi chetu kimeamua kukipiga mwezi ujao na solo nimepewa mimi. Nimeambiwa lazima niushushe uzi wa E. Nilipojaribu, nyuzi zote zikapotea, nikarudisha haraka kwa hofu ya kuukata. Nifanyeje?

Mpenda Mifupa

*

Marahaba, binti.

Tuanze na yule shetani, maana ndiye aliyekutia hofu, naye ni mwepesi kuliko anavyosimuliwa. Jina la Kilatini diabolus in musica lipo kweli, na katika vitabu vya nadharia ya muziki linaonekana mwanzoni mwa karne ya 18. Lilikuwa onyo la darasani: umbali fulani kati ya noti mbili, huohuo unaousikia fidla ikianza, ni mgumu kuimba na unavuruga mwendo wa sauti, basi mwanafunzi auepuke. Hayo ya marufuku na adhabu ni hadithi iliyopachikwa baadaye.

Sasa sikiliza kile unachokisikia hasa. Nyuzi za fidla ni G, D, A na E, na kila jirani wawili wameachana kwa umbali uleule. A ni hezi 440, yaani mawimbi 440 kwa sekunde, na E ni karibu hezi 660, yaani wakati A anapiga mawimbi 2, E anapiga 3, kisha wanakutana na kuanza upya. Ndiyo maana nyuzi hizo mbili zikipigwa pamoja zinatulia. Saint-Saëns anataka uzi wa E ushushwe nusu toni uwe E flati, karibu hezi 622. Uwiano unakuwa 1 kwa 1.414, na mawimbi hayapati pa kukutana. Sikio linangoja mapatano yasiyokuja. Juu ya hayo, nyuzi zote mbili zinapigwa wazi, hakuna kidole kinachozigusa, kwa hiyo hakuna njia ya kutikisa sauti ili ilainike. Inatoka kavu kama mfupa wenyewe.

Lakini kwako wewe kuna la ziada ambalo mchumba wako hawezi kulisikia. A na E kwa pamoja ndiyo sauti ambayo mpiga fidla huipiga kila siku anapoweka nyuzi sawa kabla ya kuanza kazi. Mauti anaingia akifanya jambo lilelile ulilolifanya leo asubuhi, na linatoka kombo. Miaka minne sikio lako limezoeshwa kungoja mapatano hayo. Anayekuja na fidla iliyoharibika anakugusa kwenye mazoea yako ya kila siku, na hapo mwili hauna budi kushtuka. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: kwa sehemu kubwa, msisimko huo unafichua kwamba wewe ni mpiga fidla.

Kuhusu kusisimka palepale hata baada ya kuzoea, hilo limechunguzwa. Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre walipima ubongo wa wanamuziki waliojichagulia vipande vinavyowasisimua, wakaona msisimko unaambatana na sehemu zilezile za ubongo zinazohusika na malipo kama chakula. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Montreal, akiwamo Zatorre huyohuyo, likaonyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, hutolewa mara mbili: mtu anapongoja pahali pake, na tena pahali penyewe panapofika. Kujua kinachokuja, basi, hakuharibu utamu, na mara nyingi ndiko kunakoupika. Tafiti zimeonyesha pia kwamba watu wenye udadisi na uwazi kwa mambo mapya husisimka zaidi kwa muziki. Hapo ndipo sayansi inapoishia. Hakuna kipimo kinachotoka kwenye kipande kimoja cha muziki kikaenda moja kwa moja hadi kwenye siri za moyo.

Hata hivyo swali lako ni zuri, ila limeelekezwa mahali pasipo. Ukiuliza "kwa nini napenda kipande hiki" utapata majibu ya kubuni. Uliza ni sekunde ipi. Chukua karatasi na rekodi moja tu, usiibadilishe. Kipande kina dakika 7 hivi. Kisikilize jioni tatu, ukiwa umekaa na taa zinawaka, na kila mwili unaposisimka andika dakika na sekunde. Hisia usiiandike, maana ukianza kuieleza papo hapo unaanza kuitunga. Jioni ya nne kaa na orodha zako uone panapojirudia.

Utakuta mojawapo ya haya. Kinubi kinaanza kwa noti ya D mara 12: kwa Kiswahili ni saa sita usiku, lakini kengele ya mnara haijui Kiswahili. Kisha fidla. Orodha yako ikijaa hapa, unapenda kungoja. Giza ni pambo tu, na utakuta hata katika muziki usio wa mizimu unapenda mwanzo kuliko mwisho.

Baada yake fluti inaleta wimbo wa kwanza, mwepesi wa kurukaruka, na fidla inajibu kwa wimbo wa pili unaoteremka nusu toni kwa nusu toni kama mtu anayeshuka ngazi akivuta miguu. Zailofoni, jamaa wa marimba, inagonga mifupa. Ala hiyo ilikuwa nadra katika okestra za 1875, kipande kilipopigwa kwa mara ya kwanza Paris. Ukisisimka hapa, unachopenda ni ngoma. Kipande hiki kina midundo 3 kwa kila bari, ni dansi ya walzi ya kawaida kabisa, ya ukumbini, na raha iko katika adabu ya ukumbi kuvaliwa na mafuvu.

Kuna pale ambapo ala zinapokezana wimbo wa pili, kundi moja likianza kabla lingine halijamaliza, kama watoto wanaofukuzana. Mwenye kusisimka hapo anapenda ujenzi. Mara nyingi ni mtu anayefurahia pia fugi za Bach, ambamo sauti hufuatana kwa wimbo uleule, na mizimu haihusiki hata kidogo.

Karibu katikati unapita Dies irae. Pahali hapa pakanyage polepole. Ni wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu, unaosema juu ya siku ya ghadhabu, na kwa karne nyingi umeimbwa kwa uzito. Saint-Saëns ameuvalisha meja, ngazi ya sauti yenye uchangamfu, badala ya maina yenye huzuni, na kuuweka kwenye mwendo wa walzi. Anatania, na utani wake ni wa mtu aliyekulia katika muziki wa kanisa: alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Madeleine, Paris, kwa karibu miaka 20. Ikiwa hapa unatabasamu badala ya kusisimka, nawe umeshaelewa kipande vizuri kuliko wengi wanaokiogopa.

Mwisho, ngoma inashika kasi hadi inakatika ghafla. Obo, ala ya kupuliza, inawika kama jogoo, fidla inasema maneno machache ya huzuni, na nyuzi zinadonolewa kimyakimya, wafu wamerudi walikotoka. Orodha yako ikijaa hapa na si kwingine, basi kinachokugusa ni kuagana. Hilo nalo si ugonjwa, ila linastahili kufikiriwa zaidi ya yale mengine.

Ukishajua pahali pako, pima kama ni sauti au ni wazo. Kipande hiki kilizaliwa kama wimbo wa mtu mmoja na piano mwaka 1872, kwa shairi la Henri Cazalis; kazi ya okestra ni ya 1874, na Franz Liszt akaiandikia piano mwaka 1876. Sikiliza toleo la Liszt, ingawa kwa ladha yangu mapambo ni mengi mno. Hakuna uzi ulioshushwa humo. Msisimko ukipotea, ulikuwa wa ngozi ya sauti, ule ukavu wa nyuzi wazi. Ukibaki, ni wa wimbo na mpangilio.

Kisha linganisha na vitisho vya aina nyingine, kimoja kwa siku, si vyote usiku mmoja. Erlkönig ya Schubert (1815) ina dakika 4 hivi: mwimbaji mmoja anabeba msimulizi, baba, mtoto na kiumbe anayemshawishi mtoto, piano ikipiga kwato za farasi bila kupumzika, na mtoto anakufa kwenye mstari wa mwisho. Kisiwa cha Wafu cha Rachmaninoff (1909) kina dakika 20 hivi na mwendo wa midundo 5 unaoyumba kama kasia majini. Sehemu ya tano ya Symphonie fantastique ya Berlioz (1830) ina kengele, Dies irae, na wapiga fidla wanaogonga nyuzi kwa mbao ya upinde. Ukipenda Schubert kuliko wengine, wewe unataka hadithi na watu. Ukizama kwa Rachmaninoff, unataka uzito na muda. Ukibaki unarudi kwa Saint-Saëns, naweza kusema bila woga kwamba unachopenda ni hofu iliyofungwa mkono: ina saa ya kuanza, ina jogoo wa kuifunga, na katikati inacheka. Mwanafalsafa Edmund Burke aliandika tangu 1757 kwamba tishio likitukaribia mno halina raha, lakini likiwa mbali kidogo linaweza kufurahisha. Kinubi na jogoo ndio huo umbali.

Ningeshtuka lini? Singetazama jina la kipande, ningetazama unavyokitumia. Ukikitafuta ili ubaki katika hali mbaya, ukitoka humo mzito kuliko ulivyoingia, usingizi ukikatika, na mambo uliyokuwa ukiyapenda yakikosa ladha kwa wiki 2 mfululizo, mwone mhudumu wa afya. Ningesema hivyohivyo kwa anayesikiliza nyimbo za harusi. Barua yako haina dalili hizo.

Ila hiyo hedifoni gizani inanisumbua kwa sababu nyingine kabisa. Kipande kinaanza kwa sauti ya chini sana. Mtu anaongeza sauti ili asikie kinubi, na dakika chache baadaye okestra nzima inamwangukia masikioni. Fanya kinyume: peleka rekodi kwenye kilele cha karibu na mwisho, weka sauti iwe ya kustahimilika hapo, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Kinubi kitakuwa hafifu, na ndivyo kinavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Na kipande kinachokusimamisha nywele si cha kulalia, kisogeze nyuma saa moja.

Sasa mchumba. Usimkalishe asikilize kipande kizima akiwa amekunja uso, utakuwa umempeleka mahakamani. Anza na Visukuku, kutoka Karamu ya Wanyama ambayo Saint-Saëns aliiandika mwaka 1886. Ni chini ya dakika 2. Humo anaichukua ngoma yake mwenyewe ya mifupa, anaipa zailofoni, na kuichanganya na nyimbo za watoto za Kifaransa. Mtunzi mwenyewe aliucheka muziki huu, na aliona kazi hiyo yote ni ya mzaha kiasi cha kukataa ichapishwe akiwa hai, isipokuwa sehemu moja ya Batamaji. Mchumba akishatabasamu, mpe kazi katika Danse macabre: ahesabu mapigo ya kinubi, kisha ainue mkono akisikia jogoo. Mwenye kazi hana nafasi ya kuogopa.

Akirudia kwamba muziki unaita wafu, mwonyeshe kinachosemwa na shairi. Mfalme anarukaruka mkono kwa mkono na mkulima, na mwishoni msimulizi anashangilia mauti na usawa. Huo ni mzaha wa kale wa Ulaya, uliochorwa kwenye kuta za makaburi ya Paris tangu 1424: hakuna cheo mbele ya kifo. Kama bado hapendi, asipende. Ladha si mahari, hamlazimiki kuwa nayo pamoja. Lakini kukupima roho kwa kipande cha dakika 7 akome, na hilo mwambie wewe, si muziki.

Tumalize na uzi, maana mwezi si mrefu.

Hofu ya kuukata haina msingi upande huu. Uzi hukatika ukikazwa. Wewe unaulegeza, na kushuka nusu toni kunapunguza mvuto wake kwa karibu asilimia 11. Nyuzi nyingine "zikapotea" kwa sababu zote nne zinabonyeza daraja moja na ubao mmoja. Mmoja ukilegea, mzigo unapungua na wale watatu wanapanda kidogo. Wewe ukadhani umeharibu, ukarudisha E, nao wakashuka tena. Ungeendelea mbele tu.

Kabla ya kushusha, tazama ile skrubu ndogo ya uzi wa E kwenye mkia wa fidla. Ikiwa imeshalegezwa karibu yote, itaisha kabla hujafika E flati, kisha ibaki ikilialia kila unapopiga. Ikaze hadi zaidi ya nusu, huku ukitumia kigingi kuirudisha E mahali pake. Chungulia chini: mkono wa skrubu usiguse ubao, utaukwaruza. Sasa legeza skrubu ushuke chini ya E flati kidogo, kisha panda hadi ifike. Kuifikia kutoka chini ni lazima, maana ukiishia kwa kushuka uzi unabaki na mvuto ulionaswa kwenye kizingiti cha juu, pale uzi unapopita karibu na vigingi, na katikati ya solo unajiachia. Rekebisha A, D, G, rudi E flati, zunguka mara 2 au 3 hadi zote zitulie. Tazama daraja limesimama wima. Acha dakika 10, kagua tena.

Kwa kipimo cha sauti tafuta E flati ya hezi 622. Usitegemee sikio hapa: sikio lako litakuvuta kuelekea E uliyoizoea, na mapatano ya kukuongoza hayapo, ndiyo maana yote ya kipande.

Kidole nacho kitakudanganya. Juu ya uzi huo kila noti sasa inalia nusu toni chini ya kidole chako: unapoweka kidole cha F, inalia E. Kabla ya zoezi la kwanza angalia kama nakala yako imeandikwa kwa sauti inayosikika au kwa mahali pa kidole, kisha zungushia kwa penseli kila noti utakayoipiga kwenye uzi huo. Zile zinazowezekana kupigwa kwenye uzi wa A, zihamishie huko.

Na kama jioni hiyo kuna vipande vingine, azima fidla ya pili iwe imeshushwa tangu mchana, iwekwe kitini kando yako. Hivyo ndivyo hufanywa pia kwa sehemu ya pili ya Simfoni ya 4 ya Mahler, ambapo mpiga solo anahitaji fidla iliyopandishwa toni nzima, naye ni Mauti yuleyule mpiga fidla. Weka alama ya utepe kwenye shingo ya hiyo ya pili. Jukwaani, chini ya taa, fidla mbili zinafanana sana.